Majibu ya biopsi kwa Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu seli zinazokua isivyo kawaida

Katika hospitali nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda ripoti ya patholojia huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata aliyemaliza chuo kikuu hukwama nacho. Mgonjwa anakabidhiwa karatasi, anapangiwa tarehe ya kliniki, na usiku huohuo familia nzima iko kwenye simu ikitafuta neno moja baada ya jingine. Wengi hulala na hofu isiyo na sababu. Wachache hulala na matumaini yasiyo na sababu, na hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu hawarudi kliniki.

Ukurasa huu hauchukui nafasi ya daktari wako. Umeandikwa ili ukikaa mbele yake ujue cha kumuuliza.

Nimechukuliwa kinyama. Mbona majibu yanachelewa hivyo?

Kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya mwili kinachochukuliwa ili kipimwe (ndiyo biopsi), kikitoka mwilini huwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10 ili kisioze na seli zibaki na umbo lake. Maabara hukikausha maji, hukizamisha kwenye nta iliyoyeyushwa, nta ikiganda inakuwa kibonge kigumu kinachoitwa bloku. Bloku hukatwa vipande vyembamba sana, mikromita 3 hadi 5, yaani elfu 3 hadi 5 za milimita ukiigawa milimita moja mara elfu moja. Kipande kinalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili: hematoksilini inayofanya viini vya seli viwe bluu ya zambarau, na eosini inayofanya sehemu nyingine ziwe za waridi. Baada ya hapo ndipo mtaalamu wa patholojia anaweka slaidi chini ya hadubini. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa hata pale ambapo hakuna foleni, na wataalamu wa patholojia katika nchi zetu ni wachache.

Kwetu ndugu wa mgonjwa mara nyingi ndiye anayepewa kichupa akipeleke maabara. Kama ni wewe, hakikisha mambo matatu. Jina na namba ya mgonjwa viwe vimeandikwa kwenye kichupa chenyewe wala si kwenye kifuniko tu. Ndani kuwe na fomalini, siyo maji wala dripu. Na fomalini iwe nyingi, mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Kinyama kilichooza njiani hakisomeki, na mgonjwa atalazimika kukatwa tena.

Ripoti inasema seli ni "abnormal". Ndiyo kansa?

Neno hilo peke yake halikuambii. Kovu lililovimba ni ukuaji usio wa kawaida. Faibroidi ya mfuko wa uzazi ni ukuaji usio wa kawaida. Saratani nayo ni ukuaji usio wa kawaida. Shuka chini kwenye ripoti mpaka kwenye kichwa kinachosema "Diagnosis" au "Conclusion", usome hapo.

Haipaplasia, metaplasia, displasia, neoplasia: zinatofautianaje?

Haya ni maneno manne yanayofanana masikioni na yanayotofautiana sana maana.

Haipaplasia maana yake seli zimeongezeka idadi, lakini bado ni seli za sehemu ileile na zimepangika vizuri. Wazee wengi wa kiume hukutana nayo kwenye tezi dume: tezi inakua, inabana njia ya mkojo, mzee anaamka usiku mara nyingi. Inasumbua, inaweza kuhitaji dawa au upasuaji, lakini haipaplasia ya tezi dume haigeuki kuwa saratani. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, ndiyo maana kipimo bado kinahitajika. Ndugu yake haipaplasia ni haipatrofia, ambapo seli haziongezeki idadi, zinanenepa. Moyo wa mtu aliyeishi na presha miaka mingi bila dawa huwa mnene kwa njia hiyo.

Metaplasia ni seli za aina moja kuondoka na mahali pake kushikwa na seli za aina nyingine, kwa kawaida kwa sababu pale mahali panachokozwa kila siku. Mvutaji sigara hupata hali hii kwenye njia za hewa. Kwenye mlango wa kizazi ni jambo la kawaida kabisa, karibu kila mwanamke analo, na ukiliona kwenye ripoti bila neno jingine la kutisha, usipoteze usingizi. Kwenye kibofu ni habari nyingine. Mayai ya kichocho cha mkojo, kile cha Unguja, Pemba na sehemu nyingi za mwambao, hukaa kwenye ukuta wa kibofu miaka mingi yakiuchokoza, ukuta unabadilika, na kwa baadhi ya watu mwisho wake ni saratani ya kibofu. Kwa hiyo metaplasia ya kibofu kwa mtu aliyekulia kwenye kichocho si ya kuwekwa kabatini.

Displasia ndiyo inayohitaji umakini. Hapa seli zimeanza kupoteza mpangilio: viini vimekuwa vikubwa na vyeusi, seli zinagawanyika mahali ambapo hazikupaswa kugawanyika. Si saratani. Ni hali inayoweza kuelekea huko, inayoweza kusimama hapohapo, na wakati mwingine inayorudi nyuma yenyewe.

Neoplasia ni ukuaji mpya unaoendelea hata pale kilichouchochea kinapoondoka. Neno hili linabeba uvimbe usio saratani na ulio saratani pia, kwa hiyo tafuta neno linalofuata: "benign" ni uvimbe usiosambaa, "malignant" ni saratani.

Nimeandikiwa "carcinoma in situ". Kuna "carcinoma", kwa hiyo nimeshapata kansa?

Hili ndilo swali tunalopenda kulijibu kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo maisha mengi huokolewa au hupotea.

Seli zinazofunika mlango wa kizazi, mirija ya maziwa, mdomo au utumbo zimekaa juu ya utando mwembamba kama watu waliokaa juu ya mkeka. Chini ya utando huo ndiko iliko mishipa ya damu na ya limfu. Seli zikiharibika lakini zikabaki juu ya utando, haziwezi kusafiri kwenda kwenye mapafu, ini au mifupa, kwa sababu njia za kusafiria ziko chini. Hiyo ndiyo "in situ": seli zina sura ya saratani lakini hazijavuka. Zikiutoboa utando na kushuka chini, ripoti itasema "invasive", na kuanzia hapo ndipo saratani kwa maana ambayo watu wanaijua.

Kwenye mlango wa kizazi mambo haya yamepewa ngazi zinazoitwa CIN, kifupi cha Kiingereza cha seli zilizoharibika ambazo bado ziko juu ya utando. Kinyama kikikatwa na kutazamwa kwa ubavu, huonekana tabaka za seli kutoka chini hadi juu. Seli mbaya zikijaa theluthi ya chini tu, ni CIN 1. Zikifika theluthi mbili, CIN 2. Zikipita hapo au zikijaa unene wote, CIN 3. CIN 1 mara nyingi huondoka yenyewe, hasa kwa wasichana, na daktari anaweza kuamua kuifuatilia tu. CIN 3 haifuatiliwi kwa macho. Tunalijua hilo kwa njia ya uchungu. Kuanzia miaka ya 1960, katika hospitali moja ya wanawake mjini Auckland, New Zealand, kundi la wanawake wenye hali hii halikupewa tiba kamili, na wengi hawakuelezwa. Uchunguzi wa kiserikali ulifanyika mwaka 1987 na 1988 chini ya Jaji Silvia Cartwright. Kumbukumbu zao zilipochambuliwa kwa kina, matokeo yakachapishwa mwaka 2008: kwa walioachwa bila tiba ya kutosha, karibu 3 kati ya 10 walipata saratani iliyovuka ndani ya miaka 30. Kwa waliotibiwa ipasavyo, hawakufika hata 1 kati ya 100.

Soma tena takwimu hizo kisha ujiulize kama inafaa kuahirisha kliniki kwa sababu "sisikii maumivu". Seli zilizo juu ya utando haziumi. Tiba yake huwa fupi: kugandisha, kuchoma kwa joto, au kukata kipande kwa waya wa umeme, na mara nyingi mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa binti zetu kuna chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Rwanda iliianza kitaifa mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019.

Jina linaishia na "oma". Majina yote ya hivyo ni saratani?

Hapana, na hapa Kiingereza cha kitabibu hakina huruma. Lipoma ni uvimbe wa mafuta chini ya ngozi. Leiomyoma ndiyo faibroidi. Fibroadenoma ni kile kijiwe kinachotelezateleza kwenye titi la msichana. Zote si saratani. Lakini limfoma (ya seli za kinga za limfu), melanoma (ya seli za rangi, hasa kwenye ngozi) na myeloma (ya uboho) ni saratani, ingawa majina yao yana mkia uleule. Ripoti ikiandika "carcinoma" au "sarcoma", hiyo ni saratani, isipokuwa pale carcinoma inapofuatwa na "in situ" kama tulivyoeleza.

Halafu kuna hematoma, ambayo ni damu iliyovilia, na granuloma, ambayo ni mkusanyiko wa seli za kinga. Hizi si ukuaji wa uvimbe kabisa. Ukiona granuloma kwenye mtoki uliokatwa shingoni, swali la kwanza kwetu sisi ni kifua kikuu, na kifua kikuu kinapona kwa dawa. Tumeona familia zikilia kwa neno hilo wakati mgonjwa alihitaji vidonge vya miezi 6.

"Atypical", "suspicious for", "consistent with". Daktari hana uhakika?

Ana uhakika wa kile alichokiona, na anakupimia kwa maneno uhakika wa kile anachokifikiri. "Consistent with" maana yake alichokiona kinaendana na ugonjwa uliotajwa. Madaktari wengi huusoma kama karibu ndiyo. "Suggestive of" ni dhaifu kidogo. "Suspicious for" maana yake anaushuku ugonjwa lakini kinyama hakikumpa ushahidi wa kutosha kusema moja kwa moja. "Cannot be excluded" maana yake hawezi kuuondoa kwenye orodha. Uzito wa maneno haya hutofautiana kati ya mtaalamu mmoja na mwingine, kwa hiyo usijipimie mwenyewe, muulize daktari wako, "Je, tunatibu kwa majibu haya au tunachukua kinyama kingine?"

"Atypia" ni seli kuwa na sura isiyo ya kawaida, na sababu inaweza kuwa ndogo, kama uambukizi, kidonda kinachopona, au mionzi. Ndiyo maana unaweza kukuta "reactive atypia", ambayo ni habari njema. Lakini neno hilo likikaa pamoja na haipaplasia, mambo yanabadilika. Kwenye titi, haipaplasia ya mirija yenye atypia huongeza uwezekano wa kupata saratani baadaye kama mara 4, kwa hiyo mwanamke huyo anahitaji kufuatiliwa kwa miaka. Kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, haipaplasia isiyo na atypia hutulizwa kwa dawa za homoni kwa wengi. Yenye atypia mara nyingi madaktari hupendekeza kutoa kizazi, kwa mwanamke asiyetaka kuzaa tena. Neno moja tu ndilo linalotenganisha njia hizo mbili, na ndiyo maana tunasisitiza usome mstari mzima.

"Positive" ni mbaya na "negative" ni nzuri?

Inategemea kimetafutwa nini. Tumezoea neno hilo kwa kipimo cha Ukimwi, tukalipa sura moja. "Negative for malignancy" ni njema: saratani haikuonekana. "Margins positive" si njema: seli mbaya zimefika kwenye kingo za kilichokatwa, huenda nyingine zimebaki mwilini. "ER positive" kwenye saratani ya titi, yaani seli zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, mara nyingi ni msaada, kwa sababu uvimbe unaotegemea homoni unaweza kutibiwa kwa dawa kama tamoksifeni.

Na "unremarkable" ni kawaida kabisa. Hakuna la kutaja.

Nimeandikiwa Gleason 6. Sita kati ya kumi si nyingi?

Gleason ni alama ya ukali wa saratani ya tezi dume. Hofu hii tunakutana nayo sana, na ni mfumo uliomtisha mgonjwa bila sababu. Mtaalamu hutazama mpangilio wa tezi kwenye kinyama cha tezi dume na kuupa namba kuanzia 1 hadi 5, kisha anajumlisha mipangilio miwili inayotawala. Siku hizi kwenye biopsi namba 1 na 2 hazitumiki, kwa hiyo jumla ya chini kabisa ni 3+3, yaani 6. Wewe uko ngazi ya chini, si katikati. Kwa sababu hiyohiyo mwaka 2014 wataalamu walikubaliana kutumia makundi ya 1 hadi 5, na Gleason 6 ikawa kundi la 1. Angalia pia mpangilio wa namba: 3+4 na 4+3 zote ni 7, lakini ya pili ni kali zaidi.

Usichanganye daraja na hatua. Daraja, "grade", ni ukali wa seli zenyewe chini ya hadubini. Hatua, "stage", ni umbali ambao ugonjwa umefika mwilini, na huhitaji picha na vipimo vingine. Mtu anaweza kuwa na seli kali zilizokamatwa mapema, au seli tulivu zilizokwisha kusambaa.

Wanatazama nini hasa mpaka waseme seli imeharibika?

Kiini kwanza. Seli ya kawaida ina kiini kidogo chenye rangi tulivu na umbo la duara au yai. Seli iliyoharibika ina kiini kilichojaa karibu seli nzima, rangi nzito, kingo zilizokunjamana. Jirani yake ana kiini chenye ukubwa tofauti kabisa, na wa tatu tofauti tena. Tofauti hiyo ndiyo "pleomorphism". Kisha wanatafuta seli zilizo katikati ya kugawanyika. Kugawanyika si kosa, ngozi na utumbo hugawanya seli kila siku. Kosa ni kugawanyika kwingi, au kromosomu kuvutwa pande tatu badala ya mbili. Mwisho wanatazama kama kuna sehemu zilizokufa, kwa sababu uvimbe unaokua haraka hukosa damu katikati.

Kwa saratani ya titi mambo matatu hupewa alama 1 hadi 3: seli zinaunda mirija kiasi gani, viini vinatofautiana kiasi gani, na seli ngapi zinagawanyika. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la 1, 6 na 7 daraja la 2, 8 na 9 daraja la 3.

Maelezo ya mtaalamu yanaweza kubadilika baadaye?

Yanaweza, na mfano mkubwa kuliko yote ulitokea hapahapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 habari za watoto wenye uvimbe wa taya uliokua kwa kasi ya kutisha. Aliuita sarkoma. Wataalamu wa patholojia wa Kampala, akiwemo Gregory O'Conor, walipozitazama seli kwa makini walionyesha kwamba ni limfoma. Chini ya hadubini seli za bluu nzito zimejaa kila mahali, na katikati yake kuna seli kubwa nyeupe zinazokula mabaki ya zilizokufa, hivi kwamba Kiingereza kikauita mwonekano huo anga lenye nyota. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vilionekana kwa mara ya kwanza ndani ya seli za uvimbe huo. Jina lilibadilika, na tiba ikafuata jina: limfoma hii hutibiwa kwa dawa, na kisu si tiba yake. Uvimbe wake unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo mtoto mwenye taya linalovimba haraka hapelekwi kwanza kung'olewa jino na kusubiriwa.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Ninaelezaje ukuaji wa seli katika ripoti ya Kiingereza?

Eleza ulichokiona kabla ya jina la ugonjwa. "Abnormal growth" haimwambii msomaji chochote; mwambie ni tishu gani, seli zimepangika vipi, viini vikoje, mgawanyiko kiasi gani, kuna sehemu zilizokufa au la, utando umevukwa au la, kingo zikoje. Mpangilio huo umekubalika kwa sababu daktari wa upasuaji anajua pa kutafuta jibu lake.

Usiite haipatrofia kitu ambacho hukuhesabu seli zake. Kizazi cha mjamzito hukua kwa njia zote mbili, na ukiandika moja tu umekosea. "Proliferation" ni kuongezeka kwa kugawanyika. Usilitumie kwa uvimbe uliojaa maji. Idadi ya seli zinazogawanyika itaje kwa kila milimita ya mraba, maana eneo linaloonekana kwenye hadubini yako si sawa na la mwenzako. Na usiandike kwamba hakuna uvamizi. Andika kwamba haukuonekana kwenye vipande vilivyochunguzwa. Hujaona bloku nzima, umeona mikromita chache tu, na sentensi yako isizidi macho yako.

Iweke hitimisho fupi. Ripoti itasomwa na daktari wa wilayani aliye na wagonjwa 40 kwenye foleni.

Naweza kuomba kinyama changu kitazamwe na mtu mwingine?

Ndiyo, na huhitaji kukatwa upya. Bloku ya nta hutunzwa maabara kwa miaka, na kutoka hapo vinaweza kukatwa vipande vingine. Omba nakala ya ripoti yenye namba ya maabara, kisha uliza utaratibu wa kuazima bloku na slaidi. Zifungwe zisivunjike, zikae mbali na jua kwa sababu nta huyeyuka, na ziende pamoja na ripoti ya kwanza na maelezo ya ugonjwa wako. Kuomba hivyo si kumdharau daktari. Fanya hasa kama majibu hayalingani na hali yako, kama ni ugonjwa adimu, au kama unatakiwa kukatwa kiungo. Lakini kama seli zimeshavuka utando na tiba imepangwa, uliza kwanza daktari wako kama kusubiri majibu ya pili kutakudhuru.